Historia ya Familia

Jumatatu, 3 Machi

Raundi ya wodi ya wanaume. Dkt. Kihwele kamliza mtu tena. Leo ilikuwa zamu ya mwanafunzi aliyesema mgonjwa "anaonekana" hana nguvu mguu wa kushoto. "Anaonekana? Umemwona gulioni?" Binti wa watu kamaliza raundi anapenga kamasi kwenye koti jeupe.

Kisha mimi. Nilikwaruza wayo wa mzee mmoja wa kiharusi, nikasema kidole gumba kimeshuka. Kilikuwa kimepanda. Kihwele kanigonga kiganja na ile nyundo ya kupimia magoti. Si kwa utani. "Na wewe ndiye unataka kwenda Dar kusomea ubongo. Kasomee ushonaji."

Nimesema asante, Daktari. Siku hizi ndicho ninachosema.

Nafasi ni moja. Chuo cha Dar kinachukua daktari mmoja tu kutoka huku kwetu kusini kwenda kusomea ubingwa wa mishipa ya fahamu. Hapa hospitalini Songea tumeomba wawili, mimi na daktari mwenzangu Salum. Anayetupendekeza sote ni Kihwele, maana ndiye pekee huku aliyesomea ubongo, tena nje ya nchi. Kwa hiyo tunapigwa na tunashukuru.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi na Salum baada ya kazi. Chumba cha madaktari, mlango wazi, yeye amefunga Ramadhani na midomo imemkauka. Tunapimana. Yeye mgonjwa, mimi daktari, halafu tunabadilishana. Fuata kidole changu kwa macho. Toa ulimi. Nibane vidole, usiachie. Akagonga goti langu, mguu ukaruka. "Dada, una magoti ya kitabuni!"

Salum ni mtu wa Namtumbo, baba yake analima tumbaku. Mikono yake ni myepesi kuliko yangu. Mimi namshinda kwenye kufikiri. Hata yeye anakiri.

Nampenda Salum. Leo alipokuwa anafuturu kwa tende na uji nilikuwa naomba moyoni aanguke kwenye usaili. Basi, nimeliandika.

Jumapili, 16 Machi

Mama kapiga simu kutoka nyumbani Madaba. Kaka Fokas kaangukia jikoni kwenye mafiga, mkono umeungua. Mama analia, anasema ni pombe. Fokas mwenyewe kachukua simu, kasema hajagusa ulanzi tangu Krismasi.

Sikumwamini. Nani anamwamini? Anayumba mchana kweupe. Anavunja vyombo. Mkewe aliondoka mwaka juzi kwa sababu hiyo, akamwachia Mama mtoto. Nimewaambia wamlete.

Jumanne, 18 Machi

Kafika. Kakonda, suruali imefungwa kwa kamba. Nimempatia kitanda mwishoni kabisa mwa wodi ya wanaume, karibu na dirisha. Sikumwambia mtu kwamba ni kaka yangu. Nesi kaniuliza, "Huyu mlevi wa wapi?" Nikasema wa Madaba.

Nimefunga kidonda. Nimenusa pumzi yake wakati namfunga. Hamna pombe.

Baadaye nimesimama mbali namwangalia. Vidole havitulii. Vinacheza kimoja kimoja kama anasali rozari ambayo haipo. Bega linapanda lenyewe. Uso unakunja, unaachia. Akipitiwa na usingizi vyote vinanyamaza. Akiamka vinaanza.

Baba alikuwa na bega hilohilo.

Najua ninachokiona. Jina lake lipo kitabuni, nimelisoma mara nyingi. Sitaliandika humu.

Jumatano, 19 Machi

Naandika yote, vinginevyo yatanioza.

Raundi. Kihwele, Salum, mimi, wanafunzi kundi zima. Kitanda cha mwisho. Kihwele kasimama, kamwangalia Fokas, uso ukamng'aa kama mtu aliyeokota mali. Kamwambia aamke atembee hadi mlangoni na kurudi. Fokas katembea. Magoti yanakunjika, mikono inarushwa, kichwa kinaenda nyuma.

"Mnasikia muziki?" Kihwele kawauliza wanafunzi. "Mimi sisikii. Yeye anausikia."

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Si sana. Meno tu. Lakini Fokas alikuwa ananitazama mimi.

Kamwambia atoe ulimi na asiurudishe. Ulimi ukatoka, ukarudi, ukatoka. Kama mjusi. Wakacheka tena. Kamwambia amshike vidole abane. Kihwele akasema, "Oneni, ananikamua kama ng'ombe. Nani anajua?" Hakuna aliyejua. Salum alijua, nilimwona, akanyamaza. Labda alikuwa ananiachia mimi nipate alama. Hakujua ni nani yuko kitandani.

"Ukoo wenu kuna mwingine mwenye hali hii?" Kihwele kamuuliza.

Fokas maneno yanamtoka kwa shida siku hizi, yanateleza. Akasema, "Mdogo wangu, waambie basi."

Wote wakageuka kutafuta mdogo wake ni nani, macho yakaishia kwangu.

Nilifikiri Kihwele atafunga raundi. Mtu yeyote angefunga. Kavua miwani, kaifuta, kairudisha. "Endelea, Daktari. Historia ya familia."

Nikaendelea. Nikasimama wima na kuisema kama tunavyofundishwa. Baba mzazi alianza kuchezacheza akiwa mtu mzima, akawa mkali, akasahau majina yetu, akashindwa kumeza, akafariki.

"Huyo baba alikuwa na watoto wangapi?"

"Wawili."

"Kila mtoto ana uwezekano gani wa kuurithi?"

"Nusu kwa nusu."

"Umri wa kuanza?"

"Thelathini hadi hamsini. Mara nyingi."

"Dawa ya kuuponya?"

"Hakuna."

"Huyu mmoja tumemwona. Yule mwingine ana umri gani sasa?"

"Thelathini na mbili."

"Vizuri sana," Kihwele akasema. Ndiyo mara ya kwanza kunisifu tangu nifike hospitali hii.

Fokas alikuwa anasikia. Tulikuwa tunaongea Kiswahili. Hata ule ustaarabu wa kumficha mgonjwa kwa Kiingereza hatukuwa nao leo.

Ijumaa, 28 Machi

Fokas nimemhamishia kwangu Msamala. Mama mwenye nyumba ameuliza kama anaambukiza. Nimesema hapana. Kasogeza ndoo zake hata hivyo.

Kihwele kaniita ofisini. Kaniambia nikae, jambo ambalo halifanyi. Amesema atanipendekeza kwa chuo. Atasema nina akili, kwamba kwa kufikiri siwezi kulinganishwa na Salum. Halafu akasema lazima ataje na lile jingine.

Nikamwambia sijapima. Sina dalili.

"Kapime basi. Damu inapelekwa nje, majibu yanarudi. Yakiwa safi, nafuta sentensi."

"Na yasipokuwa safi?"

"Basi nitakuwa nimesema kweli. Wewe fikiri kama serikali. Unamsomesha mtu miaka kibao, ndiyo kwanza anamaliza, mikono inaanza kucheza. Utamsomesha?"

Nikaomba ruhusa nikatoka. Kibaya zaidi ni kwamba nilifikiri kama serikali, na jibu nikalipata.

Sitapima. Nimekaa nimelifikiria hili kila upande. Leo nina nusu. Nikipima nitakuwa na yote au sina kitu. Naweza kuishi na nusu.

Namchukia. Ana haki, na namchukia.

Jumamosi, 5 Aprili

Madaba. Mvua, matope hadi magotini. Mama alikuwa anachambua maharage. Shikamoo, marahaba, kaka yako hajambo. Nikamweleza. Nimetumia maneno rahisi: si pombe, si uchawi wa kutupiwa, ni kitu ndani ya damu, Baba alikuwa nacho, kampa Fokas.

Kaendelea kuchambua. Ungo mapajani.

"Kwa hiyo baba yako mdogo tulimfukuza bure."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa mdogo. Baba alipoanza kuanguka, walisema ni mdogo wake, Baba mdogo Kanisius, amemroga kwa sababu ya shamba la bondeni. Wakamchomea nyumba. Alikimbilia Tunduru, akafanya vibarua huko Mbesa, akafia huko. Hatukwenda kuzika.

Nikasema, "Bure, Mama."

Nilitegemea alie. Hakulia. Alisema, "Usimwambie mtu hapa kijijini."

Nikamuuliza kwa nini. Jina la marehemu si lisafishwe?

"Mchawi unamfukuza, mwanangu. Damu utaifukuzia wapi? Watatuangalia sisi sasa. Nani atamwoa huyu?"

Alikuwa anamwonyesha Restuta, mtoto wa Fokas. Alikuwa uani anaruka kamba na wenzake, anahesabu kwa sauti. Anaruka vizuri. Hakosei.

Mama akaniuliza, "Na yeye?"

Nikainuka nikaenda kuangalia mahindi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Fokas alitaka kwenda kwenye Njia ya Msalaba. Alikuwa mwimbaji zamani, sauti ya nne. Nikampigia pasi shati.

Kituo cha tatu, Yesu anaanguka mara ya kwanza, tukapiga magoti. Fokas alipoinuka mkono ukampiga mama mmoja kichwani, kilemba kikaanguka. Watoto wakacheka. Mzee wa kanisa akaja, kamshika kwapani: "Ndugu, hata leo? Hata siku ya leo umekunywa?" Akawa anamsukuma kuelekea mlangoni. Watu wanapisha njia. Hakuna aliyemtetea, na wengi wao nimewatibu.

Nikasema kwa sauti, "Hajanywa. Ni mgonjwa. Ni kaka yangu." Sauti yangu ilitoka mbaya, kama ya kuku. Kanisa zima likasikia.

Mzee wa kanisa akasema, "Basi mgonjwa akae nyumbani."

Tukatoka wote wawili. Tumekaa kwenye ukuta wa nje, tumesikiliza vituo vilivyobaki kupitia madirishani. Fokas aliimba. Maneno yanamponyoka lakini tuni anaishika.

Jumanne, 29 Aprili

Nimeangusha kikombe. Kimevunjika. Nimekaa sakafuni karibu na vile vipande.

Jumatano, 30 Aprili

Kilikuwa na mafuta. Nilikuwa nimetoka kukaanga samaki. Mikono ilikuwa na mafuta.

Kila asubuhi natoa ulimi mbele ya kioo na kuuacha nje. Unakaa. Nikiona umekaa napiga mswaki.

Mazoezi na Salum yamekwisha. Hakuna aliyesema yamekwisha. Juzi nilikuwa namweleza jambo, nikaona haniangalii usoni. Anaangalia vidole vyangu. Aliponiona nimemwona akaangalia ukuta. Nilikuwa nachezea kalamu tu, kama mtu yeyote.

Jumatatu, 12 Mei

Dar. Usaili.

Basi la alfajiri jana, mimi na Salum kiti kimoja, tumegawana karanga na hatukuongea habari ya kinachotupeleka. Leo ameitwa yeye kwanza. Alitoka akitabasamu, akanibana bega. "Maswali ya kawaida, dada."

Yangu hayakuwa ya kawaida. Walikuwa watatu. Kuanzia mwanzo niliwashika: wakaniletea kisa cha mwanamke wa kifafa anayeungua mara kwa mara, nikakieleza toka minyoo ya nguruwe hadi ubongo hadi mafiga, mambo ninayoyaona kila wiki. Mzee wa kushoto akawa anatikisa kichwa kukubali. Nilijua nimemshinda Salum. Nilijua mwilini.

Ndipo profesa, mama mmoja mwenye sauti nzuri sana, akafungua karatasi ya Kihwele.

"Dkt. Adelina, tumesoma kuhusu kaka yako. Pole."

"Asante."

"Huna mpango wa kupima?"

"Sina, Profesa."

"Lakini wewe utawashauri wagonjwa wapime."

"Nitawaeleza. Wataamua wenyewe."

Akatabasamu. Akaniuliza Fokas alianza na miaka mingapi. Nikamjibu. Mtoto wake ana miaka mingapi. Nikamjibu. Upande wa baba kuna mashangazi? Wako hai? Wanaishi wapi? Wote watatu wakawa wanaandika. Wakati wa swali la kifafa hawakuandika kitu.

Niligundua taratibu, kama maji yanayoingia ndani ya kiatu. Usaili ulikuwa umekwisha. Hii ilikuwa kliniki. Nilikuwa nimekaa kiti cha mgonjwa.

Wakati naondoka profesa aliniambia, "Nyoosha mikono kidogo mbele." Kwa upole kabisa. Na mimi nikanyoosha! Nikasimama pale katikati ya chumba, kwa gauni langu jipya, mikono mbele, vidole vimetanuliwa. Wakaangalia. "Asante, Daktari. Safari njema."

Alhamisi, 19 Juni

Salum kapata.

Ujumbe kwangu ulikuwa mfupi, wa heshima. Ushindani ulikuwa mkubwa. Chini yake profesa kaongeza maneno yake mwenyewe: nafasi kwa sasa hawana, lakini familia yangu wangependa sana kuiona.

Nimeusoma wodini, nimesimama. Nikaweka simu mfukoni nikaenda kumfungulia mgonjwa drip.

Salum alikuja kuniambia mwenyewe. Alikuwa analia. Kasema ilikuwa yangu, kila mtu anajua ilikuwa yangu. Nikamwambia basi ikatae. Akanyamaza. Nilimwacha anyamaze hadi uso ukamwiva. Kisha nikamwambia natania, hongera. Sikuwa natania.

Kihwele kwenye raundi: "Kumbe mikono imeshinda kichwa." Wanafunzi hawakujua wacheke au la.

Jumatano, 2 Julai

Baridi. Fokas amejifunga blanketi mbili, zote zinaanguka.

Salum kapiga simu toka Dar. Ameanza. Sauti imebadilika kidogo, ina haraka. Kauliza hali ya Fokas, hali ya Mama, hali ya mtoto. Nikajua kuna kitu. Kikaja: profesa kampa mada ya utafiti. Anahitaji damu. Ya Fokas, ya Restuta, ya shangazi, "na yako, ukipenda, dada, majibu hutaambiwa kama hutaki." Naweza kuchota mwenyewe na kuituma na basi. Nina ujuzi. Ni kwa ajili ya sayansi.

Sikukata simu. Nilisema nitamuuliza mwenye damu.

Fokas alikuwa anaota jua uani. Nikamweleza yote bila kuficha. Siku hizi simfichi. Anaelewa, ila majibu yanachelewa njiani.

"Watanipa dawa?"

"Hapana, Kaka."

"Wewe watakupa nafasi?"

"Hapana."

"Restuta watamsaidia?"

"Sasa hivi, hapana. Labda baadaye, watu wengine."

Akafikiri. Mguu unapiga ardhi, bega linapanda.

"Salum si yule aliyekuwa anacheka?"

"Salum hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka."

"Eh," akasema. "Nilikuona." Halafu, baada ya muda: "Waambie waje. Wapande basi waje Songea, wanikute hapa, wanisalimie. Wakinisalimia nitawapa damu. Ya mtoto, hapana. Ya mtoto ataitoa mwenyewe akikua."

Nimempigia Salum nikamwambia hivyo, neno kwa neno. Kasema safari ni ndefu, ataongea na profesa. Nikamwambia aongee.

Ninajua hawatakuja. Damu ikitumwa na basi ni bora kwao, haiongei.

Nililia nikiwa naosha vyombo. Si kwa ajili ya chuo. Kwa ajili ya ile "eh".

Jumapili, 13 Julai

Hawajaja. Hawajapiga.

Mama kaleta mahindi mapya na Restuta, wamekuja kwa wiki moja. Nyumba imejaa. Mama mwenye nyumba kaleta mboga ya maboga bila kusema kitu.

Fokas kaomba anyolewe ndevu. Kinyozi wa barabarani alimkataa wiki jana, anaogopa kumkata. Nikachemsha maji, nikamkalisha kwenye kigoda juani, nikampaka povu. Nikamshika kidevu. Uso hautulii, lakini una mapumziko. Unakunja, unaachia, halafu kuna nafasi ndogo. Nikawa naisubiri. Ikija, napitisha wembe mara moja. Naondoa mkono. Nasubiri tena.

Asubuhi nzima imeishia hapo. Restuta alishika kioo. Mama alikuwa anapukuchua mahindi nyuma yetu.

Fokas kajipapasa mashavu yote mawili.

Sikumkata hata mahali pamoja.